Nyumba ya Bibi na Deni Lake

Kijana wa Nyamongo amepata barua kutoka Mugumu. Aliyemwandikia ni babu yake, kaka wa bibi aliyefariki, na habari yenyewe ni nyumba ya marehemu mjini Tarime. Hati yake imeshikwa na benki.

Bibi hakuzaa mtoto wa kiume. Akaoa kwa mila ya nyumba ntobu: akatoa ng'ombe, akaleta binti, na watoto wa binti huyo wakawa wa nyumba yake. Kimila, Tarime hata Serengeti, hakuna wa kumhoji kijana anarithi kwa haki gani. Mahakamani ni shughuli nyingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mwanamume na mwanamke tu, kwa hiyo mama yake hawezi kusimama pale kama mjane. Ndiyo maana babu anamsihi atafute wosia, na walioshuhudia ng'ombe wakitoka zizini maadamu wangali hai. Yeye mwenyewe, ambaye angeweza kuidai nyumba ya dada yake, anaahidi kwenda kumwambia hakimu kwamba mahari ililipwa.

Kwenye deni, barua inakuwa kali. Mtu asigawe vyumba wala kula kodi ya wapangaji. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, lakini msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama. Mirathi ya kimila huanzia Mahakama ya Mwanzo, na kanuni za mwaka 1971 zinampa msimamizi miezi 4 kuwasilisha Fomu Na. 5 yenye mali na madeni yote. Madeni hutangulia, warithi hufuata.

Wengi huficha msiba na kuendelea kupeleka rejesho kwa jina la marehemu, wakiogopa mnada. Babu anaona huko ni kujiumiza bure. Mikopo mingi ya benki ina bima: mkopaji akifa, bima hulipa salio, lakini lazima mtu aidai. Basi kijana afungue sanduku la bati, asome mkataba mpaka aone kama kuna makato ya bima, kisha apeleke cheti cha kifo benki.

Bima isipokuwepo, Sheria ya Ardhi ya 1999, kama ilivyorekebishwa, inamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Ndani ya siku hizo familia inaweza kuomba rejesho lipunguzwe, kodi iingie benki moja kwa moja, au kuuza yenyewe kwa ridhaa ya benki kabla ya dalali kufika. Babu angependa nyumba ibaki. Hata hivyo ameandika wazi: ikibidi iuzwe, na kitakachosalia baada ya deni kimjengee mama huko Nyamongo.