Shuka Utazame Udongo

Mimi ni bwana shamba katika Mkoa wa Dodoma. Mwaka 2022 Serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki. Pikipiki ni chombo kizuri. Inaweza kunifikisha vijiji vitatu kwa siku moja. Hata hivyo, baiskeli yangu ya zamani sikuiuza. Leo nataka kukueleza kwa nini.

Baada ya mavuno nilipata siku chache za likizo. Nilichukua baiskeli yangu nikasafiri kutoka Mpwapwa mpaka Kongwa. Sikufuata barabara kubwa. Nilifuata njia za vijijini, zile za changarawe na zile za ng'ombe. Nilipanda vilima na kuteremka mabonde. Palipokuwa na mchanga mwingi nilishuka nikakokota.

Kabla ya kuondoka nilikagua baiskeli. Nilikaza breki, nikatia mafuta kwenye mnyororo, nikajaza upepo. Nyuma nilifunga dumu la maji, pampu, viraka na gundi. Wewe unayeishi huku unajua sababu. Huku kuna mbigili. Mbigili ni mwiba mdogo, lakini unaweza kumlaza mtu porini.

NJIA YA MISAFARA

Mpwapwa ni mji wa zamani. Uko chini ya milima ya Kiboriani. Kabla ya reli, misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita hapo. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na waya kwenda bara. Walirudi pwani na pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo. Mwandishi wa habari Henry Stanley alipita Mpwapwa mwaka 1871, alipokuwa akimtafuta Livingstone.

Misafara ilipumzika Mpwapwa kwa sababu palikuwa na maji na chakula. Mbele yake palikuwa na Chunyu, ambako maji yalikuwa na chumvi. Baada ya Chunyu ilikuja nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji makali. Ng'ambo ya nyika ile ndiko kulikuwa na watemi wa Wagogo. Wao walitoza hongo. Hongo ile haikuwa rushwa kama tunavyoielewa leo. Ilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya watu na kunywa maji ya visima vyao.

Watu wa misafara walikwenda kwa miguu. Kwa hiyo walilazimika kujua kila kisima na kila bonde. Aliyekosea hesabu ya maji hakufika.

NILIANGUKA, NIKAJIFUNZA

Siku ya kwanza, nikielekea Chunyu, nilikuwa nateremka kilima kwa kufuata njia ya ng'ombe. Gurudumu la mbele likazama kwenye mfereji. Nikaanguka, baiskeli juu yangu. Sikuumia sana. Niliketi nikafuta damu gotini, nikaitazama ile njia.

Ng'ombe walikuwa wamepita mstari mmoja kwa miaka mingi. Nyasi zikaisha. Maji ya mvua yakafuata mstari ule. Pale nilipoangukia mfereji ulikuwa wa kina cha shubiri moja. Hatua hamsini chini yake ulikuwa korongo la kufika kiunoni. Korongo lile limeanza kula shamba la uwele la mtu. Mwenye shamba huenda anadhani adui yake ni mvua. Lakini mvua ilionyeshwa njia, ikaifuata.

Jambo hili lilipimwa hapo hapo Mpwapwa katika miaka ya 1930. Wataalamu wa mifugo na malisho walitenga vipande vya ardhi kwenye mteremko. Kipande kimoja kiliachwa kitupu. Kingine kililimwa nafaka. Kingine kiliachiwa vichaka vyake. Kisha wakapima maji yaliyotiririka. Kwenye ardhi tupu, karibu nusu ya mvua yote ilikimbia na udongo. Kwenye shamba la nafaka ilikimbia kama robo. Kwenye vichaka, maji karibu yote yalizama ardhini. Mvua ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kifuniko cha ardhi.

Ningepita pale kwa gari nisingeuona mfereji ule. Kwa pikipiki ningeuruka. Baiskeli iliniangusha ndani yake.

KARANGA ZA KONGWA

Siku ya pili nilifika Kongwa. Kongwa ina historia kubwa. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine walikuwa na kambi hapo. Lakini mimi, kwa kazi yangu, nilikwenda kutazama mahali pa karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ilituma wataalamu watatu kutafuta ardhi ya kulima karanga. Walizunguka Tanganyika, Kenya na nchi ambayo sasa ni Zambia, kwa majuma 9 tu. Sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka kwenye ndege. Waliporudi walishauri zilimwe ekari zaidi ya milioni 3.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta yaliletwa kung'oa pori. Lakini udongo wa Kongwa una mfinyanzi na mchanga mkali. Mvua ikiisha, hukauka ukawa kama saruji. Majembe ya matrekta yalilika upesi. Karanga zilizokomaa zilinaswa ardhini, hazikung'oleka. Mvua nayo haikutosha. Mwaka 1951 mpango ulifungwa. Uingereza ilikuwa imepoteza pauni kama milioni 36. Baadaye sehemu ya ardhi ile ikawa ranchi ya ng'ombe.

Nilishuka, nikaokota bonge la udongo. Nilijaribu kulivunja kwa vidole, likakataa. Nililigonga kwenye fremu ya baiskeli, likalia kama jiwe. Kila mkulima wa Kongwa anaujua udongo huo. Mtu aliye angani ataona pori, lakini hawezi kushika bonge.

NA MIMI NILIKOSEA

Ndugu msomaji, ni rahisi kuwacheka Waingereza. Lakini sina haki hiyo.

Katika miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilipelekwa kwa gari katika kijiji kimoja cha mkoa huu. Kando ya barabara niliona shamba la mahindi bondeni, limestawi vizuri. Nilidhani kijiji kizima kina udongo kama ule. Nilikaa chini ya mti wa mkutano nikatoa somo. Niliwashauri watu wapunguze uwele na mtama, walime mahindi. Nilisema vizuri, wakanipigia makofi. Jioni gari likanirudisha.

Watu wengi walinisikiliza. Mwezi Februari mvua ikakatika, kama inavyofanya mara nyingi huku kwetu. Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Yakakauka yote kwenye miteremko. Familia ziliuza mbuzi ili zinunue chakula.

Bibi mmoja hakunisikiliza. Alipanda uwele kama alivyofundishwa na mama yake, akavuna. Nilikwenda kwake kumsalimu. Nilimwambia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu." Alinipa ugali wa uwele na mlenda. Hakunilaumu. Nilipomaliza kula aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, siku ile ulipokuja kutufundisha, ulikanyaga shamba la nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa sijakanyaga shamba la mtu yeyote.

Tangu siku hiyo, nikipangiwa kijiji kipya, huenda kwanza na baiskeli. Sitoi somo lolote. Nazunguka, nashuka, nashika udongo, nauliza. Pikipiki inafuata baadaye, wakati nina la kusema.

UFANYE NINI?

Wewe pia unaweza kufanya mambo haya matatu.

Kwanza, zungukia shamba lako lote, hata lile la mbali, kwa miguu au kwa baiskeli. Fanya hivyo baada ya mvua kubwa. Tazama maji yamepita wapi. Mfereji wa shubiri moja unazibwa na watu wawili kwa asubuhi moja, kwa kuweka mawe na kupanda nyasi. Korongo la kiunoni linahitaji kijiji kizima.

Pili, jua udongo wako. Chota kidogo, tia maji, ufinyange uwe kama kamba. Ukivunjika mara moja, ni kichanga. Ukitoa kamba ndefu isiyokatika, ni mfinyanzi. Jaribu pahali pengi, maana shamba moja laweza kuwa na udongo wa namna mbili au tatu.

Tatu, akija mtaalamu kukushauri, mkaribishe vizuri. Mpe maji ya kunywa. Kisha mwombe ashuke kwenye chombo chake mwende shambani pamoja. Akiwa mtaalamu wa kweli atafurahi. Kama ana haraka, muulize kwa adabu swali la yule bibi.

Na kama mtaalamu huyo ni mimi, usiogope kuniuliza. Nitashuka.