Daftari la Mwitu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa sana madukani, lakini ukweli wake wafika hata mwituni. Tangu Kilwa hata Kilangala na Lindi huota mpingo, mti wenye moyo mweusi na mgumu. Mmakonde huuchonga sanamu. Mafundi wa Ulaya hufanya klarineti kwa mti huo huo. Hukua polepole mno, miaka 70 hata 100 kabla haujafaa kukatwa. Kwa muda mrefu magogo yalipita mbele ya macho ya wanakijiji. Thamani ikaenda na malori, vumbi likabaki kwao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ziliwapa wanavijiji haki ya kutenga misitu yao, kuitunza na kupokea mapato yake. Lakini haki iliyoandikwa mjini haifiki kijijini kwa miguu yake, yahitaji mchukuzi. Mzigo huo ulishikwa na MCDI, shirika lisilotafuta faida lililoanzishwa kwa ajili ya mpingo wilayani Kilwa, na Bwana Makala Jasper akawa kiongozi wake.

Kazi hii haina fahari. Mipaka hupatanwa na vijiji jirani. Miti hupimwa unene na kuhesabiwa. Hukadiriwa ingapi ikatwe na ingapi iachwe. Kamati hufundishwa kutunza hati na fedha. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC cha uvunaji mwema, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mwaka 2016 Bwana Jasper alipewa Tuzo ya Whitley mjini London.

Lakini tuzo haimalizi shauri. Ufuta hulipa kwa msimu mmoja. Mpingo humlipa mjukuu. Baba anayedaiwa sare na madaftari ya watoto hawezi kulaumiwa akiutazama mwitu akaona shamba. Hotuba haitamgeuza, wala askari. Atageuka akiona kisima au darasa lililotokana na magogo machache yaliyokatwa kwa hesabu, na akijua kwamba hesabu hiyo aweza kuidai mkutanoni.

Basi msimamizi mwema wa ardhi si yule asiyeweza kukosekana. Kazi yake hutimia siku ile wenye mwitu wanapolifungua daftari wenyewe, wakalisoma, wakamwuliza mwenye shoka maswali, naye msimamizi hayupo.