Mzee Hakulala

Tukirudi chuo kutoka mafunzo kwa vitendo, swali la kwanza mabwenini ni kama walikulipa posho. Mimi wiki 8 nilikuwa kwenye mamlaka moja ya maji huko milimani, na nilichorudi nacho ni kisa cha modemu za redio. Ninyi wa sheria na sosholojia msifunue ukurasa unaofuata, kinawahusu pia.

Mfumo wenyewe uko hivi. Tangi liko kilimani, pampu iko bondeni, kilomita 9 kati yake bila waya. Modemu ya tangini inatuma kina cha maji kwa redio, ya bondeni inapokea, na maji yakipungua pampu inajiwasha. Mawasiliano yakikatika pampu inajizima, maana huwezi kuendelea kusukuma maji wakati hujui kama tangi limeshajaa. Kuiwasha kwa mkono mpaka upate ruhusa ya ofisini, na usiku simu ya ofisini haipokelewi.

Masika ile tangi lilikutwa tupu asubuhi nyingi, ndoo zimepangwa foleni mtaani. Ofisini wakawa na jibu tayari: mzee wa zamu anazima pampu ili kelele ziishe alale. Yeye alikuwa kibarua, na mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Kila mafundi walipokwenda mchana, kitu kinafanya kazi vizuri tu.

Fundi niliyepangwa naye hakubishana na mtu. Tulimwamkia mzee, akatuonyesha daftari lake. Kila taa nyekundu ya redio ilipowaka, aliandika saa. Pembeni, kwa mwandiko mdogo, mara nyingi kulikuwa na neno moja: mvua.

Fundi akasema tuanzie chini kwenda juu, bila kuruka hatua. Kwanza umeme: betri inapimwa wakati redio inatuma, si ikiwa imetulia, kwa sababu betri iliyochoka huonekana nzima mpaka ibebeshwe mzigo. Ilikuwa sawa. Pili waya wa data: kasi 9600 pande zote mbili, mipangilio inafanana. Tukaunganisha pini ya 2 na ya 3, kila nilichoandika kwenye laptopu kikarudi kilekile. Sawa. Tatu, nguvu ya mawimbi yanayopokelewa. Hii husomwa kwa dBm, namba hasi, na kadiri inavyoshuka ndivyo mawimbi yanavyodhoofika. Mchana wa jua bondeni tulisoma -84. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, -104. Darasani tofauti ya 20 ni mstari tu kwenye grafu. Maana yake ni kwamba nguvu imepungua mara 100.

Asubuhi hiyohiyo tukapanda kilimani. Redio ilikuwa inatoa wati 5 kwenye mwanzo wa kebo. Tulipopima mwisho wake, pale inapoingia kwenye antena, mshale wa kipimo ulitikisika kidogo tu. Kumbe redio ilikuwa inaongea, kebo inameza. Tukafungua konekta ya juu: maji, na shaba imegeuka kijani. Tepu iliyoizunguka ilikuwa imepasuka kwa jua. Mvua ikinyesha maji yanaingia, jua likiwaka sehemu inakauka, na mafundi wa mchana wanakuta kila kitu kizima.

Tulibadilisha kebo na konekta, tukazungushia tepu ya mpira inayojishika yenyewe, na kebo tukaiacha ining'inie kidogo kabla ya kuingia kibandani ili maji yadondoke chini. Usiku uliofuata ilinyesha. Asubuhi: -83, tangi limejaa.

Nawaza tu: kama tungeingia na jibu la ofisini mkononi, tusingepanda kilimani. Tena vipimo vyetu vyote visingetupeleka pale asubuhi ya mvua bila daftari la mtu ambaye hakuna aliyemuuliza.

Mkataba wake uliongezwa. Kuombwa radhi, sikusikia. Kwenye ripoti niliambatisha kurasa za daftari lake, na kwenye orodha ya viambatisho nikaandika jina lake. Alipoliona aliuliza, "Mwanangu, naweza kupata nakala?" Nilimtolea mbili.