Sikuandika ni wapi, lakini picha ilisema

Wasee, leo sina vichekesho. Nimekaa na hii stori karibu miaka miwili. Mwenyewe ameniruhusu niiseme, mradi nisitaje jina lake wala mahali anapoishi sasa. Kama unapiga picha za watu, za pesa ama za raha tu, nisomee hadi mwisho.

Mama yangu ana mdogo wake. Kwangu ni Mama Mdogo. Usiku mmoja alifika kwetu hapa Kaloleni, Kisumu, na mkoba mmoja na mtoto mgongoni. Alikuwa ametoka mji mwingine, ametoroka mumewe. Alichotendewa sitaeleza, hiyo ni yake. Mama alituketisha sote sebuleni akasema kwa sauti ya chini, "Huyu hayuko hapa. Mmesikia?" Tukaitikia tumesikia.

Wakati huo nilikuwa nimejinunulia kamera yangu ya kwanza ya maana, Canon EOS 6D ya mtumba. Hiyo kamera ilitoka 2012, kwa hivyo si mpya, lakini kwa mtu wa kupiga harusi na mechi za mtaa ilikuwa dhahabu. Mwanzoni betri yake ilinisumbua sana. Nazima usiku, asubuhi nakuta imepungua. Nilidhani nimeuziwa takataka. Kumbe hii kamera ina GPS ndani, na ukishaiwasha, inaendelea kutafuta setilaiti hata ukizima kamera yenyewe.

Niliiacha imewashwa kwa sababu niliipenda. Nieleze kidogo inavyofanya kazi. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kama kilomita 20,000. Kila moja inatuma ishara yenye saa kamili. Kamera ikinasa ishara za setilaiti nne au zaidi, inapiga hesabu na kujua imesimama wapi. Ukibonyeza kitufe, latitudo, longitudo na mwinuko vinaandikwa ndani ya faili la picha, pamoja na tarehe na aina ya kamera. Data hiyo inaitwa Exif. Kwenye picha yenyewe huioni. Lazima ufungue maelezo ya faili.

Nilicheza nayo kama mtoto. Picha za Kaloleni zilikuwa zinasoma latitudo ya sifuri nukta sifuri na kitu, kusini. Yaani sisi tuko mlangoni pa ikweta. Ukisahau ile alama ya kutoa mbele ya namba, ramani inakurusha ng'ambo ya ikweta, unajikuta uko Vihiga, kama kilomita ishirini kutoka nyumbani. Saa nayo inaandikwa kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu masaa matatu. Picha ya saa tisa na dakika arobaini alasiri inasoma 12:40. Nilikuwa naona hayo yote ni maajabu. Sikufikiria kwamba mtu mwingine pia anaweza kuyasoma.

Siku ya Idi nilipiga picha za familia uani. Mama Mdogo alikuwa amevaa dera jipya, mtoto amemkalia pajani, na akacheka kile kicheko chake cha zamani. Tangu afike hatukuwa tumekisikia. Nikabonyeza. Hadi leo naamini ni picha bora niliyowahi kupiga.

Jioni akaniambia, "Mwanangu, kuna rafiki yangu kule analia kila siku akidhani nimekufa. Mtumie hii picha aone niko salama. Lakini usiandike ni wapi."

Sikuandika. Naapa sikuandika hata herufi moja. Niliangalia pia nyuma yake nikahakikisha hakuna bango, hakuna duka, ni ukuta tu. Nikaituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida. Rafiki akajibu kwamba haionekani vizuri, anataka iliyo safi aitoe studio aiweke ukutani. Mimi kwa ujuaji wangu nikamtumia faili lenyewe, kama hati.

Kosa langu liko hapo, na nataka ulielewe vizuri. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu inaibana na kuiondolea data ya mahali. Facebook na Instagram pia huiondoa kwenye picha watu wanayoiona. Lakini ukituma kama hati, faili linaenda vile lilivyo, na kila kitu kilichoandikwa ndani. Vivyo hivyo ukiliweka Google Drive na kumpa mtu linki.

Yule rafiki hakuwa na nia mbaya. Alimpa mtu, mtu akampa mtu. Siku ya nne, simu ya Mama Mdogo ikaingia ujumbe kutoka namba asiyoijua. Ilikuwa picha ya ramani. Alama nyekundu iko juu ya paa letu. Chini yake maneno matatu: "Kumbe uko Kaloleni."

Sijawahi kuona mtu akinyamaza vile.

Baadaye nilisoma kwamba hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa inavuruga ishara ya GPS ya raia makusudi, kiasi kwamba ungeweza kukosea hata mita mia moja. Mita mia kwa Kaloleni ni nyumba ngapi? Ni watu ambao angelazimika kuwauliza mlango kwa mlango, na majirani zetu wanajua kumeza maneno. Lakini siku hizi kosa ni mita chache tu anga ikiwa wazi. Hakuhitaji kumuuliza mtu.

Mama aliwaita wazee wawili wa mtaa usiku uleule. Kabla ya alfajiri Mama Mdogo alikuwa ameondoka na mkoba wake uleule mmoja. Mume alikuja kweli, kesho yake, akakuta wanaume wanane wameketi kwa mlango wakinywa chai. Akaondoka. Hakuna aliyepigwa. Watu huniambia, "Sasa si iliisha vizuri?" Haikuisha vizuri. Alikuwa ameanza kuuza mahamri na chai karibu na Kibuye, ana wateja wake, mtoto amezoea kuitwa jina na jirani. Vyote hivyo aliviacha kwa sababu ya faili moja.

Usidhani ni sisi washamba tu tunaopatikana hivi. Desemba 2012, John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi vya kompyuta, alikuwa anajificha polisi wa Belize. Waandishi wa Vice waliokuwa naye wakaposti picha yake. Data ya mahali ilikuwa bado ndani. Watu wakaisoma, dunia ikajua yuko Guatemala. Kama tajiri wa teknolojia alianikwa na picha moja, mimi na wewe je?

Najua ushauri unaoutarajia sasa: zima GPS, maneno yaishe. Mimi sikubali, na nitasema kwa nini.

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilifurika hadi likavunja rekodi ya miaka ya sitini. Nilikuwa na simu tu, nikapiga picha Dunga maji yakiingia pale watu walikuwa wanakaa kula samaki. Kila picha ina mahali na saa. Nikirudi leo naweza kusimama palepale na kuonyesha maji yalifika wapi. Siku mtu akija na makaratasi kusema hapa hapakuwahi kufurika, jengeni tu, nina la kumjibu.

Tena sisi Wakenya ndio tulioifundisha dunia jambo hili. Januari 2008, baada ya ule uchaguzi, na Kisumu ikiwa miongoni mwa miji iliyoungua, Ory Okolloh na wenzake walianzisha tovuti. Watu walituma walichokiona kwa SMS na intaneti, kikawekwa kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Tukio likipata mahali, ni vigumu mtu kulikana.

Ndiyo maana mimi naona data ya mahali kwenye picha ni ushahidi. Na ushahidi una mwenyewe. Picha za ziwa, ushahidi ni wangu, nautoa nikitaka. Picha ya Mama Mdogo, ushahidi ulikuwa wake, mimi nikautoa bila kumuuliza na bila hata kujua nimeutoa. Hata sheria yetu inalitambua hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja data ya mahali kati ya vitu vinavyoweza kumtambulisha mtu, sawa na jina lake na namba ya kitambulisho.

Kwa hivyo GPS yangu bado iko on. Nilichobadilisha ni mlango wa kutokea. Faili asili zinabaki kwangu. Kinachoenda kwa mteja au rafiki ni nakala iliyosafishwa: naitoa upya kutoka kwa programu ya kuhariri na kuchagua mahali pasiandikwe, kisha nafungua maelezo ya faili kuhakikisha. Nikiwa na haraka na sina kompyuta, napiga skrinshoti ya ile picha natuma hiyo. Ubora unashuka, lakini haibebi latitudo ya mtu. Na kwenye simu, ingia setingi za kamera uangalie kama mahali pamewashwa. Fanya hivyo leo, usingoje kuja kujua kama nilivyojua mimi.

Mama Mdogo nilimwona tena miezi saba baadaye, mahali ambapo sitasema. Nilikuwa nimebeba maneno mengi ya kuomba msamaha, yakanikwama. Yeye ndiye alianza. "Ile picha ilikuwa nzuri," akasema. "Ninayo mpaka sasa."

Nikatoa kamera, kwa mazoea tu. Akainua mkono kunizuia.

"Ngoja. Siku hizi ukitaka kunipiga, niulize mara mbili. Kwanza uniulize kuhusu sura. Halafu uniulize kuhusu mahali."

Nikamuuliza kuhusu sura, akasema ndiyo. Nikamuuliza kuhusu mahali, akasema hapana. Nikaingia kwenye menyu, nikazima GPS mbele ya macho yake, nikampa kamera akague mwenyewe. Ndipo akatengeneza mtandio wake na kuniambia haya, piga.