Baada ya Dawa ya Mwisho

Aghalabu jamii hudhani kwamba ugonjwa huisha siku dawa inapoisha. Ndivyo walivyodhani jamaa za mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili huko Magharibi mwa Kenya, alipohitimisha matibabu ya saratani ya titi: upasuaji, tibakemikali na hatimaye mionzi. Daktari alimpongeza, nyumbani kuku akachinjwa, kanisani shukrani zikatolewa. Kila aliyekutana naye alitaraji kusikia neno moja tu, 'nimepona'. Mwenyewe hakuwa na hakika kama neno hilo lilikuwa limekwisha kuwa lake.

Hakika, uchovu unaoletwa na saratani na tiba yake huweza kudumu kwa miezi, hata miaka, nao usingizi hauuondoi. Mwalimu huyu aliamka alfajiri akiwa amechoka kuliko alivyolala. Ncha za vidole vyake zilikuwa na ganzi kwa sababu ya dawa, chaki ikawa inamponyoka. Majina ya wanafunzi aliowafunza kwa miaka miwili yalimpotea ulimini. Isitoshe, tezi za kwapa la kulia zilikuwa zimeondolewa pamoja na titi, na majimaji ya mwili yanapokosa njia, mkono huvimba. Mkono huo ndio aliouandikia ubaoni, akalimia na kubebea ndoo.

Hapo ndipo kazi ya kuujenga mwili upya ilipoanza, nayo haikuwa na sherehe. Mtaalamu wa viungo alimwelekeza asimame akiukabili ukuta, avitambaze vidole kwenda juu hadi mkono ukatae, kisha aushushe polepole. Kila Jumapili alitia alama ya chaki pale vidole vilipofikia. Majuma ya kwanza alama zilikaribiana mno hata mumewe hakuweza kuzitofautisha. Haba na haba hujaza kibaba. Kadhalika alishauriwa atembee, kwani wataalamu wa leo hawamwambii aliyemaliza tiba apumzike tu. Mazoezi ya wastani ya nusu saa, mara 3 kwa juma, husaidia kupunguza uchovu na huzuni. Alianza kwa kufika kwenye lango la jirani na kurudi. Ndoo aliirudia kidogo kidogo, kwanza ikiwa na maji robo, kisha nusu.

Lakini mwili ni sehemu moja tu ya mtu. Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kila kikohozi na kila maumivu ya mgongo yaligeuka tuhuma. Vipimo vya ufuatiliaji, ambavyo kwa saratani ya titi hufanywa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika miaka 3 ya mwanzo, vilimjia na tumaini na hofu kwa pamoja. Vidonge vya kuzuia homoni, ambavyo wagonjwa wengi wa aina yake humeza kila siku kwa miaka 5 na hata 10, vilimkumbusha kila asubuhi kile alichotaka kusahau.

Fauka ya hayo, wageni waliojaa sebuleni wakati wa harambee walianza kuadimika, ilhali mkopo wa chama cha akiba ulibaki palepale. Wengine walinyamaza kwa kukosa la kusema, naye akanyamaza kwa kuogopa kuwachosha. Kimya hicho kina hasara. Mnamo mwaka 2010, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa Waziri wa Huduma za Matibabu, alitangaza hadharani kwamba alikuwa na saratani ya tezi dume. Miaka ya 2017 na 2022 alichaguliwa kuwa Gavana wa Kisumu. Kweli, si kila mgonjwa awezaye kutibiwa ng'ambo kama waziri. Hata hivyo, ujasiri wa kulitaja jambo kwa jina lake haununuliwi.

Mwalimu naye aliamua kusema. Alimweleza mwalimu mkuu kwamba hakuwa na nguvu za awali, na kwamba hakujua zingerudi lini. Vipindi vikapunguzwa kwa muhula mmoja. Darasani, wanafunzi walipokezana kuandika ubaoni huku yeye akiwatajia maneno, na yamkini wakajifunza tahajia kuliko miaka iliyotangulia.

Kiswahili humwita mtu wa namna hii 'manusura', neno lenye nasaba na 'kunusuru', yaani kuokoa au kusaidia. Katika jina lenyewe mna msaada wa mwingine. Hospitali huuondoa uvimbe. Mengine huachiwa jamaa, majirani na mwajiri. Basi, kabla ya kumwuliza manusura kama amepona, na aulizwe ni kazi ipi ya siku hiyo ingali inamlemea, kisha asaidiwe kuibeba.