Daftari la Miti

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nipitapo Malukhu, hapa Mbale, methali hiyo hunijia, kwani miti na viwanja vya wazi navyo ni mali ya umma. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, ikaua watu na kubomoa nyumba. Tangu hapo siuoni tena uwanja wa nyasi kuwa pambo tu. Ardhi isiyofunikwa kwa saruji hunywa sehemu ya maji ambayo yangeingia majumbani.

Mbale na Jinja zilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Hadhi huja na wajibu wa kutoa hesabu. Nami sitosheki na ripoti inayotaja miche iliyopandwa pekee. Nataka kujua mingapi ingali hai baada ya kiangazi, na ni kiwanja kipi kimegawiwa wenye kujenga. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 39 na ya 41, inampa raia haki ya mazingira safi na ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Basi, wanafunzi wangu, jifunzeni kuuliza kwa adabu: “Daftari liko wapi?”