Tusimuache Mwenzetu Kwenye Ubao



Sisi wa darasa la tano, seksio ya hisabati na fizikia, tuko na neno la kuungama. Tulipoanza seksio hii tulikuwa 19. Leo tumebaki 11. Wengine walikosa pesa za masomo, hiyo tunaifahamu. Lakini dada yetu mmoja alitoka kwa sababu yetu. Hesabu ilimshinda kwenye ubao, sisi tukacheka. Kesho yake akaomba kuhamia seksio ingine. Yeye ndiye alikuwa anasema atajenga madaraja huku Fizi.

Mwalimu wetu wa fizikia hakutupiga. Alitusimulia habari ya wanafunzi weusi wa chuo kikuu cha Purdue, kule Marekani. Mwisho wa miaka ya 1960, kwa wanafunzi weusi 10 walioingia mwaka wa kwanza wa uinjinia, 8 walikuwa wanaacha. Mwaka 1971 wanafunzi wawili, Edward Barnette na Fred Cooper, walimwendea mkuu wao wakaomba ruhusa ya kuunda chama. Kazi yake: kuleta weusi wengine katika uinjinia, na kuwashika wasitoke. Kisha mwenzao Anthony Harris akaandikia barua vyuo vya nchi nzima. Aprili 1975 wakakutana Purdue wanafunzi 48 kutoka vyuo 32, na chama kikawa cha taifa. Mpaka leo kinasaidia wanafunzi kusoma na kupata kazi.

Tulinyamaza. Wale walihesabu waliotoka, wakawafuata. Sisi tulikuwa tunahesabu waliobaki na kujisifu eti seksio yetu ni ngumu!

Basi tumeanza kikundi, kila Jumanne na Alhamisi nyuma ya masomo. Sheria ni moja tu: aliyefahamu hatoki mpaka mwenzake amefahamu. Kumbe ukimfasiria mwenzako, wewe mwenyewe ndipo unaona ulikuwa hujafahamu vizuri.

Tulifika pia kwao na yule dada, tukamuomba radhi. Hakutujibu mengi. Lakini Alhamisi iliyopita aliingia, akakaa nyuma kabisa, daftari mkononi. Hakuna aliyecheka.

Ninyi wa darasa la tatu, msiogope, mukuje. Kidole kimoja hakivunji chawa.